Foleni ya Injinia

Kampala cheo ni kama kofia iliyoangushwa njiani: anayeiokota huivaa. Nimekutana na madokta wasiojua kupima homa na mameneja wa meza moja, lakini sijaona mwingine aliyekivaa cheo chake kama jirani yetu huyu wa Bwaise, ambaye nadhani hata bafuni aliingia nacho. Tulimwita Injinia. Mkewe alimwita Injinia. Mchungaji wake alipomwombea alimtaja mbele ya Mungu kama Injinia, na naamini huko juu nako walikuwa wameshazoea. Siku moja injinia wa kweli, mtu wa madaraja, alipanda ngazi hadi chumbani kwake kutafuta mahali pa kuchapisha karatasi zake. Wakaitana "Injinia" na "Ndiyo, Injinia" karibu mchana kutwa, na aliyeondoka akiona haya ni yule wa madaraja.

Ukoo wake siujui. Waliomuuliza walipewa kila mmoja ukoo tofauti. Ninachokijua ni chumba chake, na namna alivyomfundisha binti mmoja Mkongo, Neema, kila kitu alichohitaji ili apate kazi, kisha akakaribia kumkosesha kazi hiyohiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vyakula vya kuku, kwa sababu Bwaise mvua ikinyesha mwenye busara hukaa juu. Mimi nilifika pale kwa kukimbia maji, viatu mkononi. Shule niliiacha darasa la sita. Makalio yangu hayakuzaliwa na kiti. Nimebeba mizigo soko la Owino, nimeosha magari, nimeuza soksi, na kila kazi niliiacha siku niliyoielewa. Lakini mle ndani nilikuta kompyuta za mitumba zimepangwa ukutani, watu wameinama wakiandika maneno yaliyofanana na Kiingereza kilichogongwa na lori, na mbele yao mzee mfupi mwenye kalamu sita mfukoni. Nikakaa. Injinia akaniangalia kuanzia miguuni.

"Wewe ni nani?"

"Mpitaji tu, ssebo," nikamjibu kwa heshima.

"Mpitaji anapita," akasema. Baadaye akagundua kwamba naweza kupandisha jerikeni mbili za maji kwa safari moja, nikaruhusiwa kukaa. Jina likabaki Mpitaji.

Alikuwa akifundisha kuandika programu. Kwa asiyejua: mtu huandika maagizo yake kwa lugha maalumu, halafu kuna programu nyingine iitwayo kompaila inayoyachukua maandishi hayo na kuyageuza yawe amri ambazo mashine inazielewa. Bila kompaila, umeandika shairi tu. Kwa kawaida kompaila huwekwa ndani ya kompyuta. Kwa Injinia hakuna kitu kilichowekwa ndani ya kompyuta. Alikuwa na adui mmoja duniani, flashi, kile kidude cha kubebea mafaili. Zamani mteja alichomeka flashi yenye picha za harusi, ikawa imebeba virusi, na kufikia jioni kompyuta zote zilikuwa zimekufa. Injinia hakununua dawa ya virusi. Alinunua gundi ya chuma, akaziba kila tundu la kila mashine. Kwenye moja aliziba hadi tundu la kipanya, na mashine hiyo tukaitumia kwa vitufe tu miaka yote. Aliyekaa pale alijulikana kwa vidole vyake, vilikuwa vyepesi kama vya mpiga kinanda.

Kwa hiyo kompaila yetu ilikaa ndani ya kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Asubuhi Injinia alifungua katika kila kompyuta ukurasa mmoja wa bure. Upande wa kushoto unaandika, juu kuna kitufe cha kijani, ukikibonyeza jibu linatokea kulia. "Mgeni analala barazani," alipenda kusema. "Chumbani kwangu haingii mtu." Alilisema hilo akiwa na filamu za wizi zimejaa kwenye kompyuta yake mwenyewe, ambayo matundu yake hayakuwa na gundi hata moja.

Sasa nifike kwenye foleni, ambayo yeye aliiita layini.

Injinia aliamini kwamba ukibonyeza kitufe cha kijani, programu yako inasafiri. Inapanda mtandao, inakwenda Bulaya, huko wazungu wanaipitisha kwenye kompaila yao, halafu jibu linarudi Bwaise. Na kwa kuwa mtandao wetu ulikuwa mwembamba, aliamini wote tukibonyeza pamoja tutakwamisha kila kitu. "Mtandao iko kama barabara ya Bombo," alisema. "Wote mkiingia mara moja, hakuna anafika." Basi akaweka utaratibu. Ukimaliza kuandika, unanyoosha mkono. Injinia anakuja, anasimama nyuma yako, anaangalia kama kuna mwenzako ambaye programu yake bado iko njiani, kisha anapaza sauti kama mpiga debe wa basi la Gulu: "Inaondoka!" Unabonyeza. Jibu likitokea: "Imerudi!" Hapo ndipo anakwenda kwa mwingine.

Jibu lilikuwa likirudi kabla hajamaliza kusema inaondoka. Hilo halikumsumbua. "Bulaya wana barabara nzuri," alisema.

Na foleni ilikuwa na ngazi zake. Wazee mbele, kisha kina mama, kisha waliovaa soksi, kisha vijana. Mimi nilikuwa mwisho, nyuma ya watu ambao hawajafika. Nikinyoosha mkono alisema bila kugeuka, "Subiri, Mpitaji. Kuna watu mbele yako." Niliwahi kunyoosha mkono nikiwa peke yangu chumbani, wengine wameshuka kula chapati. Akaangalia viti vitupu, akafikiri. "Subiri," akasema. "Wanarudi."

Nisiwe mtovu wa haki: mtu huyu alijua kufundisha. Programu ilipokataa na maneno mekundu yakajaa kwenye kioo, hakugomba. Alivua kofia, akayasoma kwa sauti ile ya redio ya jioni inapotangaza vifo. "Tunasikitika kuwatangazia kifo cha mstari wa saba, kilichotokea hivi punde hapa Bwaise. Marehemu ameacha mabano mawili wazi na hana nukta-mkato. Habari ziwafikie mstari wa nane na wa tisa, popote walipo." Watu walicheka hadi machozi, na nukta-mkato hawakuisahau tena. Mimi mwenyewe nimeshasahau majina ya wanawake wawili niliotaka kuwaoa, lakini nukta-mkato sijawahi kuiacha nyuma.

Neema ndiye aliyecheka kuliko wote. Alitoka Bukavu, akakaa Makindye kwa shangazi yake aliyeuza vitenge Owino. Nilikuwa nikimbebea shangazi marobota, ndipo nikamsikia binti akilalamika kwamba hesabu zake zitaozea kwenye vitenge. Nikamwonyesha ngazi za Injinia. Alikaa kwenye mashine isiyo na kipanya kwa hiari yake, na miezi haikupita mingi akawa anaandika vitu ambavyo Injinia alivisoma mara mbili, akitikisa kichwa, kabla ya kusema vizuri.

Wakati huo kulikuwa na kampuni moja kule Kololo iliyochukua vijana kuandika programu, na haikuuliza vyeti, ndiyo sababu Neema, mkimbizi aliyeacha vyeti vyake chini ya kitanda Bukavu, aliitazama kama mlango pekee ulioachwa wazi Kampala nzima. Kuingia kulikuwa kwa mtihani. Ukianguka, unaruhusiwa kurudia mara moja tu. Injinia aliwapeleka Neema na wenzake kadhaa mwenyewe, amevaa tai, akawaacha getini.

Walirudi mchana. Neema alinisimulia tukiwa ngazini.

"Niliandika yote. Yote! Nikanyoosha mukono. Yule dada musimamizi akaniangalia, akasema hakuna kwenda chooni mpaka saa iishe. Nikashusha. Nikanyoosha tena."

"Kwa nini hukubonyeza?"

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Bila kuambiwa? Watu walikuwa wengi mule, Mpitaji. Nikibonyeza mbele ya zamu yangu, si nitawaharibia wote, wanifukuze?"

"Na wenzako?"

"Wote. Layini nzima mikono juu, kama watu wamekamatwa na askari."

Saa ikaisha hivyo. Wasimamizi wakaona watu wamekaa na programu zilizoandikwa vizuri bila hata moja kuendeshwa, wakawapa sifuri.

Nilidhani Injinia ataomba radhi. Alipopewa habari aliweka mkono kifuani, machozi yakamlengalenga. "Wote?" akauliza. "Wote mlinyoosha mikono? Hata mmoja hakubonyeza?" Akawapa mkono mmoja mmoja. Wiki nzima aliwasimulia wauza chakula cha kuku habari ya nidhamu ya darasa lake, na jinsi kampuni kubwa za mjini zinavyokosa mtu wa kupanga layini.

Neema akabaki na nafasi moja.

Siku chache kabla ya mtihani wa pili, wachimba barabara waliukata waya wa mtandao uliokuwa ukileta uhai Bwaise. Asubuhi ile tulikuwa tumeshafunguliwa kurasa zetu, kila mtu anaandika. Mara mteja mmoja wa barua pepe akapiga kelele kwamba barua yake haiendi. Injinia akaangalia kisanduku cha mtandao, akaona taa nyekundu, akavua kofia.

"Jamani, kompaila imefariki. Nendeni nyumbani."

Watu wakaanza kukusanya mifuko. Neema hakuinuka. Alikuwa katikati ya zoezi gumu, mtihani uko mlangoni, na nafikiri alikuwa na hasira tangu ile sifuri. Akabonyeza. Hakunyoosha mkono, hakuomba. Jibu likatokea kulia kama kawaida.

"Papa Injinia," akaita. "Iko inatumika."

"Haiwezekani."

"Njoo uone."

Akaja, akaona. Neema akabadilisha namba, akabonyeza tena, jibu jipya likatoka. Watu wakaweka mifuko chini, wakasogea. Hata mimi wa darasa la sita nililielewa: hakuna kilichokuwa kinasafiri. Ukurasa ulipofunguliwa asubuhi, kompaila yenyewe ilikuja nao, ikakaa humohumo ndani ya kivinjari, kila mashine na yake. Bulaya hawakuwahi kusikia habari zetu. Miaka yote tulikuwa kwenye foleni ya kuingia chumba ambacho tulikuwa tumeshakaa ndani.

Injinia alishika kidevu. Kisha akatoa maelezo ambayo sitayasahau. "Ni mabaki," akasema. "Bomba ukilifunga, si maji kidogo yanabaki ndani? Mtandao pia. Hayo ni mabaki kwenye waya. Yatakwisha sasa hivi."

Tukasubiri mabaki yaishe. Neema alibonyeza, yakatoka. Mwanamke wa pembeni akabonyeza, yakatoka. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu tangu asubuhi akabonyeza mfululizo kama anayepiga ngoma. Vicheko vikaanza, na vicheko ndivyo vilivyomtia wazimu.

"Nitawaonyesha," akasema. Akaiendea kompyuta ya kwanza, akaupakia upya ukurasa. Bila mtandao, ukurasa hauna pa kutoka. Ukatoweka, kikabaki kile kimjusi cheusi kinachotokea mtandao ukifa. "Mnaona? Imekufa." Akaenda ya pili. Kimjusi. "Imekufa." Ya tatu. Alipita ukutani akiziua kompaila moja baada ya nyingine, nzima kabisa, akitangaza kila kifo kwa ushindi kama mtu anayezima taa kuthibitisha kwamba ni usiku.

"Banange, Injinia, acha!" mtu akalia. "Kazi yangu!"

Akafika kwa Neema. Neema alikuwa amekumbatia kibodi kwa mikono yote miwili, kichwa chini, kama anayemfunika mtoto mvuani.

"Inuka, binti."

"Sitoki."

"Mimi ni nani humu ndani?"

"Ni Injinia. Ni papa yetu. Lakini yangu hutagusa." Akainua uso. "Mara ya kwanza nilinyoosha mukono sababu yako. Niko na mara moja imebaki. Ukigusa hii, unikate na kidole pamoja."

Sijui wangetazamana hadi lini. Mwishowe Injinia alirudi kwenye kiti chake akageukia ukuta, na kofia hakuivaa.

Waya haukuunganishwa siku ile wala iliyofuata. Ukurasa wa Neema ukawa ndio pekee uliobaki, na kwa bahati umeme haukukatika. Tulikuwa tukiutazama mwanga wa taa kama watu wanaokesha na mgonjwa. Wenzake nao walikuwa na mtihani wa kurudia, nao walihitaji kujaribu kazi zao. Neema hakuwanyima. Wakapanga viti nyuma yake, kila mmoja na karatasi yake, wakingoja.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo likinijia hata leo nacheka peke yangu njiani. Injinia aligeuka kutoka ukutani, akaona watu wamekaa mmoja nyuma ya mwingine. Uso ukamchangamka. Kwa mara ya kwanza tangu alipofungua chumba kile, kulikuwa na kompaila moja, watu wengi, na sababu ya kungoja. Akavaa kofia. Akaja. "Mama, wewe mbele. Kijana, rudi nyuma, huna soksi. Mpitaji, subiri, kuna watu mbele yako." Na Neema, ambaye bado alikuwa na machozi shavuni, akaanza kucheka, akasema, "Haya, Papa, panga." Akapanga. Mikono yake ilikuwa imeua kompaila zote chumbani, na sasa ilikuwa inagawa ile moja kwa haki kabisa.

Kololo, Neema alibonyeza. Aliniambia kwamba aliposhusha kidole alisikia ndani ya kichwa chake sauti ya mzee ikisema inaondoka. Wakamchukua. Siku alipokuja kuaga alimletea Injinia kalamu ya saba, akaichomeka mwenyewe mfukoni mwake pamoja na zile sita. Mzee akasema jambo moja tu: "Huko, usiwaruhusu waingie wote mara moja."

Chumba hakikudumu. Simu zikaja zenye vivinjari vizuri, watu wakawa wanaandika programu zao kitandani, kwenye ukumbi wa kanisa, chini kwa muuza chapati. Nani apande ngazi kwenda kunyoosha mkono? Mimi niliondoka kabla ya mwisho, nikazunguka Arua, nikazunguka Mbarara, kama kawaida yangu.

Nilikuja kukutana naye Owino, kwenye njia ya vitenge, ameketi juu ya robota karibu na meza ya shangazi ya Neema, miwani puani. Alikuwa amezeeka kwa ghafla, kama nyumba iliyohamwa. Kofia ilikuwepo. Kalamu zote saba zilikuwepo.

"Injinia!"

"Mpitaji. Bado unapita?"

"Bado, mzee wangu."

Nikakaa. Simu ya zamani ilikuwa mikononi mwake, na kwenye kioo kilichopasuka kulikuwa na ukurasa ninaoufahamu: kushoto maandishi, juu kitufe cha kijani. Alikuwa akiandika kwa kidole kimoja. Nikaona nafasi ambayo haitarudi, nikamuuliza lile lililonikaa kooni miaka yote.

"Mzee, yale mabaki kwenye waya. Uliyaamini?"

Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge cha mtu. "Mpaka ile kompyuta ya tatu," akasema. "Ya tatu nilipoiua, nilijua."

"Na ukaendelea?"

"Watu walikuwa wanaangalia."

"Na mtandao uliporudi ukaendelea na foleni, miezi mingine yote."

Akacheka kwa pua. "Sikiliza, Mpitaji. Kompyuta ilikuwa ya mwenye nyumba. Mtandao ya kampuni. Kompaila ya wazungu, tena bure. Akili ilikuwa ya Neema. Sasa mle ndani, cha Injinia kilikuwa nini?" Akavaa miwani. "Layini."

Mbeba mizigo akapita akipiga kelele za njia, tukapisha magoti. Shangazi alikuwa akibishana na mteja. Injinia akarudi kwenye simu yake, akaongeza mstari, akaukagua mwisho wake, akatia nukta-mkato. Kidole kikainuka juu ya kitufe cha kijani, kikasimama hewani. Hakukishusha. Akanigeukia, macho makubwa nyuma ya miwani, kama mtu anayengoja jambo fulani asilotaka kuliomba.

"Subiri, Injinia," nikamwambia. "Kuna watu mbele yako."

Akaangalia njia nzima ya vitenge, upande huu na upande ule, taratibu, kwa heshima zote. Kisha akasubiri.